Injini Safi ya Baba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuosha. Niliiosha injini ya gari la baba kwa sabuni na makumbi ya nazi, asubuhi baada ya asubuhi, kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kuitazama ikiwa chafu, na nilidhani naitibu. Nalisema mapema ili lisikae kama siri. Halikuwa siri. Kwetu nyumbani kila mtu alilijua, na baba alilijua kuliko wote.

Wiki iliyopita nilisimama Kombani kununua machungwa. Kando ya barabara palikuwa na gari la mtu, boneti wazi, mwenyewe ameshika chupa ya maji hajui aimwage wapi. Upepo ukageuka ukaniletea ile harufu. Oili inayodondokea bomba la moshi likiwa la moto hunuka kama sufuria ya mafuta iliyosahauliwa jikoni, ila ndani yake mna kitu kichungu zaidi, kinachokwama kooni. Nilijikuta mkono wangu umeingia mfukoni unatafuta kitambaa.

"Wewe ni fundi?" mwenye gari akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nikaondoka, na nilipofika nyumbani nikakumbuka kuwa machungwa nimeyaacha kwa muuzaji.

Gari la baba lilikuwa dogo, la zamani, rangi ya maziwa yaliyolala. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndugu zangu wote. Viti vyake mama alivivika vitambaa vya kufuma, vyekundu kwa vyeupe, na ndani mlinuka udi kidogo, petroli kidogo, na yale mafuta ya kujipaka ya watalii ambayo hayakutoka vitini hata kwa kuanikwa juani. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya baba. Akiingia nyumbani Mwabungo baada ya Isha alinuka gari, nami nilijua siku imekwisha salama.

Kazi yake ilikuwa teksi, na teksi yake ilikuwa na kituo: ua wa hoteli moja kule Galu. Mtu asiyeyajua mambo yetu anaweza kudhani kazi ya dereva ni gari. Kazi ilikuwa ile nafasi ndani ya ua. Madereva walijipanga kwa zamu. Mgeni akitoka na kofia yake na mkoba wake, mlinzi alimwita dereva wa mbele, na wa nyuma wakasogea. Aliye nje ya geti hakuwa na zamu. Angeweza kukaa barabarani mpaka jua likazama na asiitwe na mtu. Baba aliipata nafasi ile kutoka kwa kaka yake mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, na aliitunza kama watu wengine wanavyotunza shamba la minazi.

Kisha hoteli ikatengeneza ua. Mchanga ukaondolewa, yakatandikwa mawe ya Mazeras, ya kijivu na ya manjano, yakapangwa vizuri mno hata mimi, niliyekuwa mtoto wa kunyoosha viatu vya wageni mlangoni bila kutumwa, nilitamani kulala juu yake. Lakini mawe yale hunywa. Tone la oili likianguka mchangani unalifukia kwa kiatu. Likianguka juu ya jiwe la Mazeras linaingia ndani, linakaa.

Siku za Jumamosi baba alinichukua kazini. Jumamosi moja mlinzi mkuu, aliyeitwa Wekesa, mtu wa bara mwenye sauti nene na moyo mwepesi, alikuja akainama dirishani.

"Mzee Hamisi, uko salama?"

"Salama, alhamdulillahi. Habari za hapa?"

"Si mbaya. Lakini mzee wangu, hii gari yako inanimwagia oili kwa mawe ya watu. Meneja alipita hapa asubuhi akaona doa, akaniuliza ni ya nani. Sasa mimi ningesema nini?"

"Ungesema ni ya Hamisi."

Wekesa akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nilisema. Sasa ameniambia gari ya kumwaga oili isiingie tena. Nimemwomba akuachie mpaka mwisho wa mwezi. Tengeneza hii kitu, mzee. Usiniweke pabaya."

"Nitalitengeneza, inshallah. Ahsante kwa kuniombea."

Nyuma yetu dereva mmoja akapaza sauti: "Hamisi! Huyo Mwenye Mafua hajapona tu?"

Madereva wakaangua kicheko. Kumbe gari letu walikuwa wamekwisha kulibandika jina.

"Namtafutia leso," baba akawajibu, akashuka, akatandika katoni chini ya injini kama alivyozoea. Wao wakazidi kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuona uso wake kwenye kioo cha pembeni kabla hajaupanga vizuri.

Hapa inanibidi niseme nilikuwa mtoto wa namna gani, ingawa sipendi. Nilikuwa na wasiwasi. Nikitawadha nilirudia. Mkono wa kulia nikiuosha ulinitia shaka kama kiwiko kimepata maji. Nikianza upya, mguu nao ukanitia shaka. Wenzangu walikwisha kuswali na kutoka msikitini, mimi bado niko bombani. Daftari zangu za shule zilikuwa na matundu kwa kufutwa. Mama alikuwa akisema, "Mtoto huyu atatukaushia kisima," mpaka siku moja akaacha kusema, na hapo nikajua kwamba ameona si mzaha.

Basi siku zile, chuoni tulikosoma Kurani, ustadhi alikuwa akitufundisha habari za najisi. Alisema kitu kikiingiwa na najisi huoshwa mpaka iondoke ladha yake, rangi yake na harufu yake. Wengine walisema "ndiyo, ustadhi" wakaendelea kufinyana kwenye jamvi. Mimi nilikaa na maneno yale kama mtu aliyepewa ufunguo. Ladha, rangi, harufu. Gari la baba lilikuwa limeingiwa na kitu. Kitu hicho kilikuwa na rangi nyeusi na harufu kali, na kilikuwa kinamzuia baba kuingia mahali pake, kama mtu mwenye najisi anavyozuiwa kuswali. Niliona hesabu imekaa sawa. Gari halikuwa bovu. Hakuna aliyekuwa ameliosha vya kutosha, basi.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nilichukua ndoo, kipande cha sabuni cha mama, makumbi, na mswaki wa zamani. Boneti lilikuwa zito, likisimamishwa kwa fimbo ya chuma. Injini ilikuwa baridi. Naukumbuka utelezi wake, ule utando mweusi mzito kama masizi yaliyokorogwa na asali, na jinsi maji ya kwanza yalivyokataa kushika, yakaviringika na kuanguka. Nilisugua mpaka chuma kikaanza kutoka, cheupecheupe, kama mtu anayeamka. Sehemu za chini sikuzifikia kutoka juu, nikalala chali mchangani, povu likinidondokea machoni. Mwisho nilipitisha kidole juu ya chuma, nikakinusa, nikakilamba. Ladha ya sabuni tupu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Baba alitoka na kikombe cha chai mkononi akasimama.

"Ni nani aliyefanya haya?"

"Mimi, baba."

Akazunguka upande wa pili, akachungulia, akarudi. "Mashallah," akasema. "Hata lilipokuwa jipya sidhani lilikuwa hivi."

Siku ile nilishinda mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Jioni baba aliporudi nililaza shavu chini nikachungulia. Tone lilikuwapo. Lilining'inia kwenye bolti ya chini kabisa, likavimba, likaanguka, na jingine likaanza. Katoni alilorudi nalo kutoka Galu lilikuwa na doa la ukubwa wa chapati. Nilijua nilipokosea: nilikuwa nimeosha mara moja tu.

Nikaosha tena, na kesho yake tena. Asubuhi moja maji yaliingia kwenye plagi, gari likakataa kuwaka, na baba akazikausha moja moja kwa pindo la shati lake huku akitazama barabara. Alifika Galu zamu yake ikiwa imempita. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Fundi wake alikuwa Salimu wa Kona ya Musa. Karakana yake ilikuwa nyuma ya maduka, kipande cha mabati juu ya nguzo, na ardhi yake ilikuwa nyeusi kwa oili ya magari ya miaka yote. Baba alinichukua baada ya shule tukaenda. Fundi Salimu akafungua boneti, akarudi nyuma, akashika kiuno.

"Hamisi, umeniletea mgonjwa ama umeniletea biharusi?"

Vijana wake wakaja mbio kutazama. "Kakogeshwa huyu!" mmoja akasema. "Bado hina tu!"

Nilifurahi. Ndivyo nilivyokuwa, nilidhani ni sifa.

"Ni nani aoshaye injini hii?" fundi akauliza, safari hii bila mzaha.

Baba hakunitazama. "Nyumbani."

"Basi waambie wa nyumbani waache. Wallahi hapa sioni kitu. Oili haidondoki pale inapotokea, Hamisi. Labda yatoka huku juu, yatembea, yazunguka nyuma, yashuka polepole, halafu ndiyo yaanguka kwenye ile bolti ya chini. Mimi huifuata kwa uchafu. Uchafu wenyewe umeoshwa. Nifuate nini?"

"Waonaje, basi?"

"Nitakisia. Nitabadilisha gasketi hii ya chini, inayoziba bakuli la oili, maana ndiko kunakodondoka. Isipokuwa yenyewe, liendeshe bila kuligusa. Liache lichafuke. Kabla mwezi haujaisha uniletee, nitakuonyesha njia yake kwa kidole."

Haikuwa ile ya chini. Kesho yake katoni lilikuwa na doa lile lile.

Jioni hiyo tulikuwa tumekaa barazani, mama akikuna nazi, baba akaniita karibu naye.

"Mwanangu, kazi yako ya kuosha ni nzuri. Lakini kwa sasa tuiache kidogo. Fundi ataka kuona."

"Ataka kuona nini?"

"Uchafu."

"Lakini ni najisi, baba."

Nadhani ndipo alipoelewa nilikuwa nimefika wapi. "Oili si najisi, mwanangu. Ni uchafu tu. Nguo yenye oili yaswaliwa."

"Ina rangi," nikasema. "Ina harufu."

"Ndiyo, inazo."

"Na ladha."

Mama akaacha kukuna. "Umeionja?"

Baba akanishika kichwa, mkono wake mzima juu ya utosi wangu. "Tuiache kidogo," akasema tena.

Nilijaribu. Nataka ijulikane kwamba nilijaribu. Lakini kila nilipolala nililiona tone likivimba. Darasani nilijua kwamba wakati huo huo, chini ya boneti, ule utando unarudi, unapanda, unafunika nilichosafisha, na kila ulipopanda ndivyo geti la Galu lilivyokuwa likifungwa. Mwalimu aliuliza swali, mimi nilikuwa nafuta dawati kwa kiganja. Udhu wangu ulirefuka mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Fundi alikuwa amesema uchafu ndio utakaotuokoa, na mimi sikuweza kuiamini sentensi hiyo. Kichwa changu hakikuwa na mahali pa kuiweka.

Asubuhi moja baba alirudi kutoka msikitini akanikuta nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya gari, kitambaa mkononi. Sikuwa naosha. Nilikuwa nimekaa tu. Alichuchumaa mbele yangu.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

Nikakikunja kitambaa, nikakikunjua.

"Wataka kuosha?"

"Kifua kinanibana," nikamwambia. "Nisipoosha utafukuzwa Galu, na itakuwa ni mimi."

Akaichukua mikono yangu akaigeuza, akaitazama ile mipasuko. Mama alikuwa amesimama mlangoni, leso kichwani.

"Hamisi, fundi alisemaje?"

"Nakumbuka alivyosema."

"Na mwezi waisha."

"Najua mwezi waisha, mke wangu." Hakuinua sauti. Alinyanyuka, akaniinua nami, akaipindua ndoo niliyokuwa nimeikalia, akaenda kisimani mwenyewe akaijaza, akaiweka miguuni pangu. "Osha, baba," akaniambia. Huku kwetu mzazi humwita mtoto "baba" anapombembeleza. "Osha tu."

"Na fundi je?"

"Fundi atakisia."

Nikaosha. Kifua kikafunguka, jua likapanda juu ya minazi, na nakiri kwamba ile ilikuwa asubuhi ya furaha kuliko zote za mwezi ule. Baba alikuwa amekaa kizingitini akinitazama, chai inapoa. Mtoto hawezi kujua anachopewa. Nilidhani hatimaye amekubaliana nami.

Fundi Salimu akakisia tena, safari hii kwenye sili ya mbele, ile pete ya mpira inayozuia oili, na gari likashinda kwake kutwa nzima. Haikuwa yenyewe.

Mwisho wa mwezi shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na baba Galu. Getini Wekesa alilala kifudifudi akachungulia chini, kisha akafungua boneti. Ilikuwa safi kama sahani. Nilikuwa nimeiosha alfajiri ile kwa makini kuliko siku zote.

"Aisee! Mzee, hii imekuwa mpya!" akasema. "Ingia, ingia."

Tukaingia. Baba hakutandika katoni. Hakuwa na haja, nilimwambia, na alinisikiliza. Tulikaa katika foleni, tukasogea, tukasogea tena. Dereva mmoja akatuletea mabuyu ya kumung'unya akasema Mwenye Mafua kapona, sasa aolewe. Nilikuwa nimekalia mikono yangu. Kisha zamu ya baba ikafika, mgeni akatokea mlangoni na kofia yake, baba akawasha, akasogea mbele. Mimi nilikuwa nimeshuka kumfungulia mgeni mlango. Nikaona pale tulipokuwa tumesimama.

Lilikuwa doa dogo, bichi, linang'aa juu ya jiwe la manjano.

Sikumwita mtu. Nilivua shati, nikapiga magoti, nikasugua. Nilisugua kwa shati, kwa mate, kwa kiganja, na kadiri nilivyosugua ndivyo lilivyopanuka na kuzama. Jiwe lilikuwa linakunywa mbele ya macho yangu. Nilisikia viatu vizito vikija na kusimama. Safari hii hakuna dereva aliyefanya mzaha.

"Wacha, kijana," Wekesa akasema juu yangu. "Hiyo haitoki."

Niliendelea. Baba akanishika kwapani akaninyanyua, nami nilikuwa nimekua, si wa kunyanyuliwa tena. Mgeni alikuwa amekwisha kupanda gari la nyuma yetu.

"Mzee," Wekesa akasema. Akageuka akamtazama meneja, aliyekuwa amesimama kivulini.

"Umefanya uwezalo," baba akamwambia. "Ahsante sana." Akamwamkia na yule meneja, akanifungulia mlango, tukatoka. Njiani alinipa kitambaa cha kiti nijifunike, maana nilikuwa kifua wazi. Kilinuka udi.

Baada ya hapo baba akawa anafanya kazi upande wa juu, kutoka Kombani kuingia ndani kuelekea Kinango, akibeba wanawake wanaotoka sokoni, kuku, magunia ya makaa, na mara moja mbuzi aliyetafuna kitambaa cha mama. Kule barabara ni vumbi jekundu. Aliondoka kabla ya sisi kuamka na alirudi nywele zake zimekuwa nyekundu kama za mzee aliyepaka hina. Harufu ya mafuta ya watalii ilikwisha ndani ya gari, pole pole, kisha siku moja haikuwapo.

Mimi sikuosha tena. Sikuamua. Siku ile uani kitu kilikuwa kimekatika, na nilipolitazama gari sikuhisi chochote, hata mkono haukuniwasha. Mama alidhani nimepona. Sikuwa nimepona, nilikuwa nimekata tamaa, na kwa mbali hali hizo mbili hufanana.

Kisha jioni moja baba alinituma nichukue bisibisi aliyoisahau ndani ya boneti. Nikafungua. Injini nzima ilikuwa nyekundu. Vumbi la Kinango lilikuwa limeivaa kila mahali, kavu, laini, kama poda, isipokuwa mahali pamoja. Kwenye kona ya nyuma ya kifuniko cha juu, karibu na ukuta wa gari, mahali ambapo mswaki wangu haukuwahi kufika, vumbi lilikuwa limelowa likawa jeusi. Kutoka pale mstari mweusi ulishuka, ukapinda nyuma ya injini, ukafuata ukingo wa chuma, ukaibuka upande wa pili, na kuishia kwenye ile bolti ya chini. Ulikuwa wazi kama njia ya miguu katikati ya shamba. Ungeweza kuufuata kwa kidole.

"Baba," nikaita.

Alikuja akifuta mikono, akainama kando yangu. Akaufuata kwa kidole kutoka chini mpaka juu.

"Ah," akasema. "Kumbe ni pale."

Hilo tu. Nilisubiri aseme jingine, na nadhani naye alisubiri nilie, na hakuna aliyefanya.

Fundi Salimu alitengeneza kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai na mahamri. Alifungua kifuniko cha juu, akatoa gasketi iliyokuwa imekauka ikawa ngumu kama biskuti kavu, ikamvunjikia mkononi. Akaweka kifuniko juu ya karatasi nene ya gasketi, akagongagonga ukingo wake kwa nyundo ndogo mpaka umbo likakatika lenyewe. Alinipa spana nikaze nati za kifuniko. Nilikaza ya kwanza kwa nguvu zangu zote.

"Wee! Yatosha!" akaniwahi mkono. "Wataka kukipinda? Kaza kidogo, nenda kwa mwenzake, kaza kidogo, rudi. Ikishika, achana nayo."

"Nitajuaje kama imeshika?"

"Hujui. Waachana nayo, watazama kesho."

Kesho yake katoni lilikuwa kavu. Na keshokutwa. Ijumaa baba alivaa kanzu, akaniambia tupande, tukaenda Galu baada ya swala. Katoni lile alilibeba mwenyewe kwapani mpaka getini, akamwonyesha Wekesa pande zote mbili.

"Kavu kabisa," Wekesa akasema. Alilishika kama mtu aliyepewa cheti cha mwanawe. "Ilikuwa nini?"

"Gasketi ya juu."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Wekesa akalirudisha. "Mzee wangu, ingekuwa ni mimi ningefungua geti saa hii. Lakini ile nafasi amepewa mwingine. Kijana wa Ukunda, ana gari mpya. Mimi nifanye aje?"

"Hamna neno," baba akasema. "Nilitaka tu ujue kwamba lilipona."

"Nimejua, mzee."

Alituruhusu tugeuzie gari ndani ya ua, kwa kuwa barabarani palikuwa na malori. Gari la yule kijana lilikuwa limesimama penye foleni, na chini yake, kati ya magurudumu, lile doa letu lilikuwapo bado, jeusi, limepanuka vile nilivyolipanua kwa shati langu. Baba alipita taratibu. Madereva walimpungia mkono, naye akawapungia. Hakuna aliyelitaja gari kwa jina lake.

Aliendelea na barabara ya vumbi miaka mingi, mpaka macho yalipomshinda. Gari liliuzwa kwa mtu wa Msambweni, akalikata kuuza vyuma. Galu hatukurudi.

Sasa nina gari langu, la zamani pia, nalo linavuja. Nilijifunza kulitengeneza mwenyewe, kwa kufungua na kukosea. Siku hizi siioshi injini kwanza. Naendesha ikiwa chafu, nafungua boneti, natazama kuanzia juu. Udhu natia mara moja, na siku mbaya mara mbili.